Kasuku Aliyeokota Sauti

Kasuku, fundi wa kuokota sauti, alizunguka msitu mwezi mzima akihifadhi kooni kijito, mvua na vyura. Kila alipotega sikio, Nyani alipita juu akibweka, “Waho! Waho!”

Siku ya onyesho Kasuku alipanua mdomo. Kijito kikatiririka. Mvua ikanyesha, hata Sungura akajifunika jani! Vyura walipoanza tu, ikasikika: “Waho! Waho!”

“Nani huyo mshenzi anayetuharibia raha?” akafoka Nyani. “Afukuzwe msituni leo hii!”

“Afukuzwe!” wakaitikia wanyama wote, mbavu hawana.

Kasuku akamwinamia kwa adabu. “Mzee Nyani, kundulo hulioni, hilo twalijua. Kumbe hata sauti yako huijui! Haya, tukusaidie kufunga mizigo?”