Waya wa Tatu

"Shemeji, injini inamisi, inakatakata, kwa sababu imekufa," Thadei alisema. "Uza pikapu kama chuma chakavu."

Arobaini ya mume wangu haijafika, na mdogo wake ameshaleta mteja kutoka Mjimwema!

Niliwasha gari, likatetemeka na kukohoa. Nikafungua boneti, nikazungusha kanga kavu mkononi nisipigwe shoti, nikaanza kuchomoa nyaya za plagi mmoja mmoja, kama marehemu alivyonifundisha. Nilipochomoa wa kwanza na kuurudisha, injini iliyumba. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu niliuchomoa, injini isibadilike hata kidogo; ubovu ulikuwa hapo.

"Acha, mwanamke! Utaharibu!"

Nikachungulia ndani ya kichwa cha waya. Kulikuwa na kipande cha mpira mwekundu, kimekatwa kwa wembe. Nilikichokoa kwa pini ya nywele, nikarudisha waya. Injini ikatulia, ikanguruma vizuri.

Mteja akacheka kwa mshangao. Thadei hakucheka. Alikuwa anarudisha mguu wa kushoto nyuma ya mwingine, polepole.

Ndala zake zilikuwa nyekundu.

"Shemeji," nikamwambia, "vua hiyo ya kushoto tuipime na kipande hiki."