Maji Ndani ya Mpira

Muuguzi alikuwa keshagusa kitufe cha mashine ya kupumulia ili apime mapafu, mama wa mgonjwa akamdaka mkono.

"Ona, dada! Mstari unatetemeka. Mwanangu anapumua mwenyewe!"

Kweli, kwenye kioo cha mashine mstari ulikuwa ukitetemeka.

"Huyu mbishi tangu tumboni," mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Mashine haimwezi."

Muuguzi aliufuata kwa macho mpira wa hewa, kutoka mdomoni mwa mgonjwa hadi ulipoinama kando ya kitanda. Maji ya mvuke yalikuwa yametuama humo. Yalicheza kila mashine ilipopuliza, na mstari ukacheza nayo.

Hakuna kipimo cha kweli mpira ukiwa na maji.

"Mshike mwanao mkono kwanza, mama," alisema.

Kisha akauchomoa mpira kwenye mashine, akayamwaga maji.