Sikio Lisilosikia Dawa

Daktari alipitisha kidole kwenye paji la uso la fundi wa mapaa, akatabasamu. "Miaka yote hii, mzee, na hapa bado laini. Ile taa ya kuchoma madoa ilifanya kazi."

Mkewe, aliyesimama nyuma ya kiti, alishusha pumzi. Mumewe alikuwa na ualbino, na kabla ya taa hiyo jua la juu ya mapaa ya watu lilikuwa limemjaza madoa magumu usoni.

Kidole kikafika sikio la kushoto, kikasita. Palikuwa na kigaga kilichopasuka katikati.

"Hapa taa haikufika?"

Mke alikumbuka. Siku ile ya taa aliambiwa amshike mumewe kichwa asigeuke. Taa ikawa inamuunguza kama pilipili, naye akaomba, "Mama watoto, legeza kidogo." Akamhurumia, akalegeza. Sikio likajificha kwenye mto.

"Ilifika," mume akawahi kujibu. "Sikio hili ndilo lisilosikia dawa."

"Basi itabidi nikate kipande kikapimwe."

Mke alifungua kinywa aseme ukweli. Mume akaupapasa mkono wa mkewe, akauweka kichwani pake mwenyewe.

"Leo nikikuomba," alisema, "tia pamba masikioni."