Muuguzi wa Kizibao Chekundu

Nilimdaka muuguzi mkono, na kizibao chekundu akiwa amekivaa.

Hospitali yetu ya watoto ilileta vizibao hivyo ili wauguzi wasikosee dawa. Akikivaa, mzazi hamsemeshi. Nia ni njema, sikatai. Ila nawaambia wazazi wenzangu, mkiona hatari semeni, adabu itafuata baadaye.

"Mama, niachie! Ukutani si pameandikwa msinisemeshe?"

"Nimesoma, dada. Lakini hiyo dawa si ya mwanangu."

"Ni yake. Nimeangalia utepe."

"Utepe gani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Utepe wa jina ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kitanda. Ulikuwa wa mtoto wa kitanda cha pili. Mkono wake ulipovimba waliukata utepe, wakaufunga pale usipotee. Asubuhi wakambadilisha kitanda na mwanangu, ili yeye akae karibu na mashine ya hewa. Mtoto akahama, jina likabaki.

"Kumbe anayeumwa ni kitanda," akasema mama wa yule mtoto.

Muuguzi akaugeuza mkono wa mwanangu. Utepe wake ulikuwepo, umelowa jasho, na jina lake juu yake. Akausoma mara mbili, midomo ikicheza bila sauti.

"Sasa mama," akasema polepole, "si ungeniambia mapema?"

Nikalitazama bomba la sindano, bado limechomekwa kwenye mpira wa dripu. Dawa ilikuwa imebaki nusu.