Mafuta ya Kuchuja Mara Nne

Isakwisa alikuwa akichuja mafuta ya injini, amefika kitambaa cha tatu, pale Siwema, mwenye mashine, alipoanza kugonga mlango wa banda la injini kwa ngumi.

"Babu, wateja wamejaa mpaka barabarani! Washa!"

"Bado kitambaa cha nne, mama. Mafuta haya yana chembe ngumu kama mchanga. Zikiingia, zinatafuna silinda."

Injini yenyewe ilitolewa kwenye meli ya Ziwa Nyasa, ikaletwa Rujewa kukoboa mpunga, na fundi wake akaja nayo kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Miaka minne sasa Isakwisa alikuwa akiyachemsha yale mafuta mazito, akayaacha yatulie, akafungua koki ya chini ya pipa maji na tope vitoke, ndipo akayachuja. Mkanda wa injini ulipenya ukuta kwenda chumba cha kukobolea. Huko hakuwahi kukanyaga.

"Mchele ukinuka mafuta tumekwisha," Siwema alimwonya siku ya kwanza. Mzee akaheshimu.

Severina, mkulima wa kwanza kwenye foleni, akachungulia dirishani. "Babu, kitendawili!"

"Tega."

"Anakunywa cheusi, anatema cheupe."

"Injini yangu!" Isakwisa akacheka mpaka mapengo yakaonekana.

"Basi inyweshe, la sivyo nahamishia magunia yangu kwenye mashine ya Kalinga hapo ng'ambo!"

Siwema akashindwa kuvumilia. Akaingia, akanyakua ndoo, akamimina mafuta kwenye injini hivyohivyo. "Na ikizimika leo mbele za watu, nafunga mashine, nawe unarudi kwenu Kyela!" Akakimbilia chumba cha kukobolea.

Isakwisa akaiwasha. Injini ikanguruma. Banda likatetemeka, wateja wakapiga vigelegele, na ng'ambo ya ukuta mchele ukaanza kumwagika. Isakwisa akaishika silinda kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Mzee akasahau katazo. Akakimbilia chumba cha kukobolea na mikono yake myeusi, akaombe radhi.

Mchele ulikuwa bado unamwagika, mweupe pe, kando ya mota ndogo ya umeme iliyovuma taratibu kama nyuki; mkanda wa injini haukuwa umefungwa kwenye kinu.

"Rudi ukaiwashe, babu!" Siwema alinong'ona, akiifunika mota kwa kanga. "Mashine isiyonguruma wateja wanasema inawaibia!"