Jezi ya Wageni

"Hii jezi si yetu," Mwalimu Mkuu alisema, akiigeuza kwa ncha ya kalamu. "Na ulisema uliichezea nchi."

"Mara kumi na tisa, Mwalimu." Muyonga hakutulia kitini, goti lake bovu lilitikisa meza. "Kwenye raga, mechi ikiisha mnabadilishana jezi na mpinzani. Yangu ilibaki kwao."

"Zote kumi na tisa?"

"Zile nyingine chama cha raga kilidai tuzirudishe, tena zikiwa zimefuliwa."

Karani aliyesimama mlangoni alicheka. "Hata mimi, mzee, nina ya Brazili nyumbani."

Kazi ya ukocha aliyoiomba shuleni hapo ilikuwa moja tu, na Muyonga alikuwa amelinda mageti ya watu miaka minane. Alivua koti, akatoka hadi uwanjani, penye chuma kizito ambacho wanafunzi wanane husukuma pamoja wakifanya mazoezi ya raga.

"Njooni mkikalie," aliwaita.

Karani alipanda akicheka, Mwalimu Mkuu akafuata, ameshika miwani yake. Muyonga aliinama, akaegemeza bega, akasukuma. Nyasi zikaanza kuchanika, naye hakujua kama ni chini ya chuma au chini ya viatu vyake.