Ukurasa wa Kwanza wa Wilaya

Karani alikuwa tayari amechovya unyoya kwenye wino, aandike jina la wilaya yetu mpya katika daftari lisiloguswa bado, Keziah alipoingia mahakamani na kitoto cha nguruwe kwapani.

Mahakama yenyewe ilikuwa ghala la tumbaku. Tulicheka hadi vumbi likatupalia.

"Bibi, subiri kwanza mahakimu waape kwa Mfalme," karani akasema.

"Nimesubiri miaka tisa! Mahakama ya zamani ilikuwa ng'ambo ya mto, siku mbili kwa farasi, nami farasi sina. Kila nikiwakata nguruwe wangu alama sikioni ijulikane ni wangu, huyu jirani yangu aliyeketi pale hukata yake juu ya yangu, kisha husema hakuiona. Leo alama yangu iandikwe daftarini!"

Jirani akatazama buti zake.

Hakimu mkuu aliinama, akalishika lile sikio kwa vidole viwili. Lilikuwa laini, la waridi, ncha yake imepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu.

"Mheshimiwa, kiapo..." karani alinong'ona.

"Kiapo hakikimbii. Nguruwe anakimbia. Chora sikio."

Karani akaanza kuchora kwenye ukurasa ule wa kwanza.

"Lichore kubwa, baba," Keziah akamwambia. "Jirani yangu haoni vizuri."